Utepe Juu ya Kufuli

Utepe ulikuwa mwekundu, wa kung'aa, na mtu fulani alikuwa amejipa kazi ya kuufunga kwa fundo la ua juu ya kufuli. Nyuma ya kufuli kulikuwa na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya kijani, na nyuma ya mlango kulikuwa na betri zilizojaa stima ya jua hadi pomoni. Ghorofa ya tatu, juu kabisa ya kichwa changu, Wanzala alikuwa anatafuta pumzi. Na mbele yangu kijana mwenye shati jeupe na kitambulisho shingoni alikuwa ananiambia ningoje hadi Jumatano.

"Madam, si mimi," alisema. "Hii kitu inafunguliwa Jumatano. Kuna mkubwa anakuja kukata utepe."

"Leo ni Jumamosi."

"Najua."

"Na kuna mtu anakosa hewa huko juu, Muia." Jina lake nilikuwa nimelisoma kwenye kitambulisho. "Betri ziko na stima ama haziko?"

"Ziko full. Zimekuwa full tangu mwezi jana." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kisha akasikia alichosema, akatazama viatu vyake.

Mimi ni binti wa Ndegwa wa Gatina, na kwa hivyo hasira naijua vizuri. Kuishi na Ndegwa ni kukasirika kuanzia chai ya asubuhi. Lakini hasira ya nyumbani huwa na mlango wa kutokea: unapiga kelele, unaosha vikombe kwa nguvu, unarudi kwako mtaa wa Satellite. Hii ya siku hiyo haikuwa na pa kutokea. Nilikuwa nimesimama mbele ya stima ninayoihitaji, naweza kuugusa mlango wake, na kinachonizuia ni pambo.

Na jambo lililonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshaiona hali hiyo hiyo. Niliiona nyumbani kwetu, na aliyeshika ufunguo alikuwa Baba.

*

Baba ana ploti Gatina, Kawangware, kwenye kipande cha shamba alichoachiwa na babake enzi ambazo huko bado kulikuwa na migomba. Vyumba vya mabati vimetazamana pande mbili, katikati kuna ua wa saruji wenye kamba za nguo na bomba moja, na mwisho wa ua kuna nyumba ya mawe anamoishi yeye peke yake tangu Mama atuache. Ploti nzima ina mita moja ya stima. Stima imo ndani ya kodi. Mpangaji anaruhusiwa balbu, redio, televisheni na kuchaji simu. Pasi, hapana. Koili ya kupikia, hapana kabisa. Hita usiitaje hata kwa utani.

Meni swichi ya ploti iko sebuleni mwa Baba, ndani ya sanduku la mbao alilolipigilia ukutani kwa mkono wake. Sanduku lina kufuli. Ufunguo wa kufuli anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, analala nao, anaoga nao, na Jumapili anakwenda nao kanisani chini ya tai.

Baba pia ana pua. Anaijua harufu ya pasi moto juu ya shati la polista hata upepo ukivuma upande mwingine. Akishuku, haulizi mtu. Anaingia sebuleni, anafungua sanduku, tap, na ploti nzima inanyamaza. Halafu anatoka kusimama uani, mikono nyuma, kusubiri nani atalalamika wa kwanza. Anaamini kabisa kuwa anayelalamika wa kwanza ndiye mwenye pasi.

"Baba, hawa ni watu wazima," nilimwambia sijui mara ngapi. "Unawazimia stima kama watoto wa bweni."

"Stima ni ya kila mtu," alinijibu kila mara. "Mmoja akiimaliza, wengine watakula nini?"

Stima hailiwi, lakini jaribu kumwambia Ndegwa.

Wanzala alikaa chumba cha kona tangu nikiwa shule ya msingi. Alikuja kutoka Bungoma akiwa kijana, fundi wa kuchomelea, akaoa Jentrix, wakamlea binti yao Phanice pale pale. Hakuna mlango wa chuma katika ploti yetu ambao hakuuchomelea yeye. Alifanya kazi hiyo miaka yote bila kitu cha kuziba mdomo wala pua, akisema moshi wa chuma ni chai ya fundi. Mapafu yakamkatalia. Alipotoka hospitali alikuja na mashine ya hewa, ambayo kanisa lao lilichanga kuinunua: sanduku jeupe lenye magurudumu, linavuta hewa ya chumbani, linaichuja, linampelekea kwa mpira mwembamba hadi puani. Daktari alisema isizimwe mchana wala usiku.

Baba alikwenda kuiona. Aliizunguka, akaweka kiganja juu yake, akahisi joto.

"Hiki kitu kinakula stima kuliko poshomili," alisema.

Lakini hakukataa. Hilo lazima niliseme, kwa sababu nikiendelea hivi mtadhani nina baba mbaya. Alikubali mashine iwake, akawa anapita mlangoni kila asubuhi kuuliza Wanzala ameamkaje. Kitu pekee alichokataa ni kutoa kufuli.

Ikafika siku ya Tracy. Tracy anakaa chumba cha karibu na bomba, na mchana huo alikuwa ameitwa intavyuu katika duka la nguo huko town. Hakuna msichana atakayekwenda intavyuu ya duka la nguo na blauzi iliyokunjamana. Akachomeka pasi. Baba akanusa. Tap. Akatoka uani, mikono nyuma, akasubiri.

Aliyelalamika wa kwanza ilikuwa mashine ya Wanzala. Ina mlio mkali inapokosa stima, haukatiki. Baba aliusikia. Alisema baadaye kwamba alidhani ni gari la mtu linalia barabarani, na mimi namwamini, na kumwamini ndiko kulikonikera zaidi. Jentrix alikuwa kwenye kibanda chake cha mboga pale sokoni Fifty-Six. Tracy ndiye aliyeelewa. Alitoka mbio na blauzi mkononi, akapiga mlango wa Baba kwa ngumi.

"Landi, washa! Ni mimi niko na pasi! Ni mimi! Washa!"

Walimkuta Wanzala ameketi sakafuni, ameshikilia kizingiti cha mlango aliouchomelea mwenyewe, midomo imegeuka rangi ya majivu. Alipona. Jioni Baba alimpelekea maziwa na mkate, akaketi pembeni ya kitanda, wakazungumza habari za mvua. Neno pole halikumtoka. Jentrix alimpa chai, akamshukuru kwa mkate. Heshima ya yule mama ilinitia kichaa. Ningekuwa mimi, mkate ungerudi na aliyeuleta.

Nilikuja kesho yake nikapiga kelele hadi majirani wakapunguza redio ili wasikie vizuri.

"Toa hiyo kufuli, Baba."

"Nikiitoa, kesho wote wanapika na koili."

"Wacha wapike!"

"Waya zikiungua, nani atakaa bila stima? Si ni huyo huyo Wanzala?"

Ndivyo alivyo. Hata anapokosea huwa na kijisababu kinachosimama kwa miguu yake, na wewe unabaki unatafuta cha kumpiga nacho. Nilienda kuosha vikombe.

*

Jentrix hakupiga kelele. Alisikia kwamba kaunti inajenga nyumba upande wa Kibera, za watu wa kipato kidogo, akajiandikisha kimya kimya. Watu walikuwa wameshazipa jina: Nyumba za Jua. Kuta zake ni nene, za matofali ya udongo ulioshindiliwa, hazipitishi baridi ya Julai wala joto la Februari. Madirisha yametazamana ili upepo upite wenyewe. Juu ya paa kumejaa sola za kuchemsha maji na kuwasha taa. Kila nyumba ina mita yake. Na kilichomvuta Jentrix kuliko vyote, kuna betri kubwa huko chini: stima ya barabarani ikipotea, betri zinachukua kazi. Alinieleza hayo kibandani kwake huku akikata sukuma, kisu kikienda chenyewe.

"Huko hakuna mtu wa kumzimia," alisema, kisha akaniangalia haraka. "Sijasema vibaya, Wamuyu. Baba yako ametuweka vizuri."

"Sema vibaya, Mama Phanice. Una haki."

Alicheka tu.

Walipochaguliwa, Baba alilichukua kama tusi. Alisema kaunti inaiba wapangaji wa watu. Alisema binadamu hawezi kulala juu ya kichwa cha mwenzake ghorofa baada ya ghorofa kama kreti za mayai. Siku waliyohama alisaidia kubeba mashine hadi kwenye pikapu, akaifunga mwenyewe kwa kamba, akarudi ndani bila kupunga mkono. Jioni aliniuliza, kwa uchungu wa kweli:

"Kwani mimi niliwafanyia nini?"

Nilimtazama, nikaona hajui. Hakika hakujua. Vikombe vilikuwa safi, nikaviosha tena.

Chumba cha kona hakukipangisha. Watu walikuja kukiulizia, akawaambia anakirekebisha. Hakukuwa na alichorekebisha. Nilimkuta mara moja amesimama mlangoni, anapitisha kidole juu ya kovu la chuma pale Wanzala alipounganisha bawaba. Nilipomuuliza anafanya nini, aliniambia anatazama kutu.

*

Jentrix alipotualika chakula cha mchana, Baba alisema haendi. Jumamosi ilipofika nilimkuta ameketi nje, amevaa koti la kanisani, mkoba wa sukari, unga na majani chai uko magotini, akaniuliza mbona nimechelewa.

Alianza kutafuta makosa tangu getini. Rangi ya kuta inaonyesha uchafu. Ngazi ni nyingi, na lifti ni ya watu wavivu, ingawa aliipanda. Kwenye korido ya ghorofa ya tatu, taa iliwaka yenyewe tulipokanyaga. Baba alisimama.

"Nani amewasha?"

"Hakuna mtu. Inaona mtu anapita, inawaka."

"Mchana?"

"Hapa ndani kuna giza, Baba."

Alitembea hatua chache, nyingine ikawaka. Basi akaanza kupapasa ukuta. Alipapasa korido nzima, upande huu na upande ule, akitafuta swichi ya kuzima. Mama mmoja alitoka nje akamkuta mzee wa watu ameukumbatia ukuta. Nilitamani sakafu ipasuke, lakini ilikuwa imejengwa vizuri.

Ndani kulikuwa na joto zuri. Wanzala alikuwa kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha, mpira puani, mashine ikinguruma polepole pembeni. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni. Baba alimsalimia kwa mikono yote miwili.

"Umekuwa mnono."

"Ni hewa, Landilodi," alisema Wanzala. "Huku naila tu kama ugali."

Jentrix alikuwa amechinja jogoo. Aliketisha kila mtu, akanawisha mikono, akaleta ugali, mrenda na kuku, na mbele ya Baba akaweka sahani ndogo peke yake. Ndani ya sahani kulikuwa na firigisi. Baba amekaa na Waluhya uani kwake maisha yake yote na anajua firigisi hupewa nani. Ni ya mgeni mkubwa. Ni ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote walio mezani.

"Hii ni ya Wanzala," Baba alisema. "Ni ya mwenye nyumba."

"Mimi mwenye nyumba nimesema ni yako," Wanzala akajibu. "Kula, Landilodi."

Baba hakula. Aliitazama ile firigisi kana kwamba imemuuliza swali. Alikuwa bado anaitazama, saa nane na kitu mchana, wakati friji ilipotulia, taa ya jikoni ikazimika, na mashine ikaanza kulia.

Mlio ulikuwa ule ule. Niliona Baba akiutambua. Safari hii hakudhani ni gari.

"Itarudi," Jentrix alisema. "Betri zitashika sasa hivi. Walituambia zinashika zenyewe."

Tulingoja zishike. Mashine ililia. Jentrix alivuta mtungi mdogo wa oksijeni kutoka nyuma ya pazia, akamchomekea Wanzala, nikaona mshale wa mtungi ukilala karibu kabisa na nyekundu. Alikuwa ameutumia siku ya kuhama na ulikuwa haujajazwa. Dirishani, mtaa wote wa chini ulikuwa umezimika hadi barabara kuu.

"Niite teksi? Tumpeleke hospitali?"

"Ita. Lakini lifti imekufa, na yeye hawezi ngazi." Jentrix alikuwa ameshaanza kumvua Wanzala viatu, akamvisha tena, mikono haikujua inataka nini. "Wamuyu, hebu shuka uulize. Uliza mbona hazishiki."

Niliita teksi huku nashuka. Huko chini ndipo nilipokutana na Muia na utepe wake.

*

Nilimwambia avunje. Akasema ni mali ya kaunti. Nilimwambia basi ampigie mkubwa. Akampigia mtu, akaongea kwa adabu nyingi akiwa amenipa mgongo, akarudi.

"Wanasema tungoje injinia. Wanasema haifai kuwashwa kabla ya kufunguliwa rasmi. Mkubwa akija apate imeshafunguliwa, itakuwa..." Alitafuta neno. "Itakuwa aibu."

"Aibu!"

"Madam, usinipigie kelele. Mimi ndiyo niko hapa peke yangu. Unadhani napenda?"

Hapana, hakupenda. Jasho lilikuwa linamtoka. Alikuwa kijana mzuri aliyekabidhiwa jengo zima bila ufunguo, na nilijua kwamba hasira yangu imempata asiyestahili, na bado sikuweza kuizuia. Nilimwambia mambo kuhusu utepe ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilipiga ule mlango teke. Ua jekundu lilitikisika, halikufunguka.

Nilisikia ngazi. Mtu alikuwa anashuka polepole, akipumzika kila anapofika kona, na kati ya pumziko na pumziko kulikuwa na mlio wa chuma kikigonga ukuta. Baba ana magoti mabaya. Nyumbani hapandi hata stuli. Alitokea akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika nyundo na tindo. Nilizitambua. Vilikuwa vyombo vya kazi vya Wanzala.

"Amenionyesha kwa kidole," alisema akihema. "Chini ya kitanda. Hawezi kuongea tena."

Muia alijiweka mbele ya mlango. "Mzee, tafadhali. Hiyo ni mali ya kaunti."

"Wewe umesikia ile mashine inavyolia?"

"Hapana, mzee. Huku chini haisikiki."

"Ehe," Baba alisema. "Mimi nimefunga swichi miaka yangu yote, kijana. Anayefunga huwa hasikii. Sogea."

Sijui ni maneno, au ni koti la kanisani, au ni nyundo. Muia alisogea.

Baba hakupiga mara moja. Aliweka nyundo chini, akainama juu ya utepe, na kwa vidole vyake vinene akaanza kufungua lile fundo. Nilidhani nitapiga mayowe. Mtu anakufa ghorofa ya tatu, na Ndegwa anafungua fundo la ua, jani kwa jani, kama mtu anayefungua zawadi akitaka karatasi itumike tena.

"Baba, kata!"

"Ngoja."

Aliufungua wote. Akaukunja, akampa Muia mkononi.

"Shika utepe wako. Sijaukata. Jumatano mtaufunga, akate."

Ndipo akaweka tindo kwenye kufuli akalipiga. Lilikuwa kufuli la Fifty-Six kama la kwake, linang'aa kwa nje na ndani ni bati. Lilifunguka kwa pigo la pili. Ndani kulikuwa na swichi nyekundu kubwa kama mkono wa mlango, na Baba, ambaye sijawahi kumwona akigusa swichi isipokuwa kwa kuizima, aliikamata kwa mikono miwili akaisukuma juu.

Taa ya ngazini iliwaka. Lifti ikaguna. Baba alisimama pale pale, mikono bado juu ya swichi, hakuiachilia, kana kwamba akiiachilia itarudi chini. Nilimwambia twende. Alinitikisia kichwa.

"Wewe nenda. Uniambie kama imeshika."

Nilipanda mbio. Teksi ilikuwa imefika, ikaondoka bila mtu. Mashine ilikuwa imeacha kulia na kuanza kunguruma, na Jentrix alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, ameshika mpira kwa mikono yote miwili ingawa ulikuwa umeshikilia vizuri. Ilichukua muda. Rangi ilirudi midomoni kidogo kidogo. Wanzala alipoweza kutoa sauti, aliangalia mezani.

"Firigisi," alisema. "Amekula?"

Nikalia. Nililia kwa hasira hasa, kwa Baba, kwa Muia, kwa huyo mkubwa ambaye hakuwa na habari na sisi, na kwa huyu mgonjwa ambaye bado ana nafasi ya kufikiria nyama ya mwenye kufuli. Jentrix alinipa kitambaa cha kufutia vyombo nijifute.

Nilishuka kumwambia Baba imeshika. Ndipo alipoachilia. Alipanda na lifti, akanawa mikono upya, akaketi, akala firigisi yake yote bila kumtazama mtu, na machozi yakimtiririka hadi kwenye sahani. Alipomaliza alimwambia Wanzala neno moja.

"Pole."

"Imeisha, Landilodi," Wanzala akasema.

Jumatano mkubwa alikuja. Jentrix alinisimulia kwa simu, akicheka hadi akakohoa. Muia alikuwa amenunua kufuli lingine na kuufunga ule utepe kwa fundo lile lile, sijui alijifunzia wapi. Hotuba zilitolewa, mkasi ukaletwa juu ya mto, utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi. Swichi ilipandishwa, na mkubwa akashangaa mbona taa zilikuwa zinawaka tayari. Muia alimwambia ni teknolojia mpya.

*

Lakini Jumamosi ile bado haijaisha. Tulirudi Gatina jua likiwa bado liko. Nilikuwa nimeshamsamehe nusu, na nusu nyingine nilikuwa naisubiri aiharibu.

Tulipoingia uani alisimama. Aliinua pua.

Niliisikia hata mimi, pasi moto juu ya polista. Tracy alikuwa ameona Landi ametoka na koti la kanisani, akajua ana mchana mzima. Baba aliutoa ufunguo kifuani, akaingia sebuleni, nikasikia sanduku likifunguliwa. Nilibaki mlangoni nimefumba macho. Nilikuwa nimechoka mno kugombana. Nilijiambia kwamba binadamu habadiliki kwa siku moja, na baba yangu habadiliki hata kwa mbili, na kwamba nikisikia tap ile nitakwenda zangu Satellite nisirudi hadi Krismasi.

Haikuja. Niliingia. Alikuwa amesimama mbele ya sanduku lililo wazi, mkono umeinuka nusu.

"Anapiga pasi nguo ngapi?" aliniuliza.

"Nitajuaje, Baba?"

"Muulize."

Nilikwenda. Tracy aliniona akaikumbatia pasi moto karibu ajichome. "Woi! Mmerudi? Pole, ni blauzi tu na sketi. Kesho niko duty."

Nilirudi nikamwambia. Baba aliitikia kwa kichwa. Hakuketi. Alisimama pale mbele ya swichi yake na koti lake la kanisani, akisikiliza, hadi nikasikia Tracy akifungua mlango kuanika sketi nje.

"Tracy!" alipaza sauti dirishani. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Landi!"

"Basi chomoa!"

Alifunga mlango wa sanduku. Akalining'iniza kufuli mahali pake, likiwa wazi, akauvua ufunguo shingoni na kuutundika kwenye msumari wa pembeni. Kisha akanigeukia, akaniuliza mbona nimesimama tu kama mgeni, na chai iko wapi.